Norway Beijing 2022: Dhahabu 16 Zilitoka Wapi?

Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing ilipofungwa tarehe 20 Februari 2022, Norway iliongoza jedwali kwa medali 37: dhahabu 16, fedha 8 na shaba 13. Hakuna nchi iliyokuwa imewahi kuchukua dhahabu 16 katika michezo hiyo kwa mara moja. Ujerumani, yenye watu zaidi ya milioni 80, ilikuwa ya pili kwa dhahabu 12. Wenyeji China walipata 9. Norway nzima ina watu wapatao milioni 5.4, idadi ambayo sensa ya mwaka huo huo iliikuta Dar es Salaam peke yake.

Jibu linalokuja haraka ni theluji. Norway ina milima, ina miezi mirefu ya baridi, na watoto wake huvalishwa skii mapema. Yote hayo ni kweli. Lakini theluji ya Beijing karibu yote ilitengenezwa kwa mashine, katika milima mikavu ambako hunyesha kidogo mno. Tena Finland, Sweden, Kanada na Urusi nazo zina theluji ya kutosha, na hakuna iliyozidi nusu ya dhahabu hizo. Na mwaka 1988 kule Calgary, Norway hii hii, yenye milima na baridi ile ile, ilirudi nyumbani bila dhahabu hata moja. Kilichobadilika kati ya Calgary na Beijing ni namna watu wazima wanavyouendesha mchezo, na hapo ndipo napenda tupachunguze kwa makini, pamoja na mahali ambapo mpango huo umeoza.

Tuanze kwa kuzifungua hizo dhahabu 16. Sita zilitoka katika bayathloni, mchezo ambao mshindani hukimbia kwa skii akiwa amebeba bunduki mgongoni, kisha husimama na kulenga shabaha huku moyo ukimdunda. Tano zilitoka katika mbio za nyika za skii. Mbili katika mchanganyiko wa Nordiki, unaounganisha kuruka kutoka mnarani na mbio za nyika. Moja katika kuruka kwenyewe. Hizo ni 14. Mbili zilizobaki ni ya Birk Ruud katika skii za mitindo huru na ya timu ya wanaume ya mbio za skeiti. Katika skii za mteremko, mchezo unaopendwa zaidi na watalii na televisheni za Ulaya, Norway haikupata dhahabu.

Michezo hiyo minne ya kwanza ilikuwa na mashindano 31 kati ya 109 yaliyofanyika Beijing. Nchi inayotia nguvu zake kwenye mpira wa magongo wa barafuni hujaza ndege nzima kwa wachezaji, na ikishinda hupata dhahabu moja kwa wanaume na moja kwa wanawake. Mkimbiaji mmoja wa bayathloni anaweza kushindania medali mara sita ndani ya wiki mbili. Utaratibu huu unainufaisha Norway, na hilo halistahili kufichwa. Lakini haiko peke yake: kati ya dhahabu 12 za Ujerumani, 9 zilitoka kwenye sledi zinazoteremka katika mifereji ya barafu, na dhahabu zote 8 za Uholanzi zilitoka kwenye skeiti. Nchi kubwa za michezo ya baridi hukusanya nguvu zao mahali pamoja, kama Kenya ilivyofanya katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ambako tangu 1968 hadi 2016 ilishinda dhahabu ya wanaume katika kila Olimpiki iliyohudhuria.

Sasa yatazame majina. Johannes Thingnes Bø alikuwemo katika dhahabu nne za bayathloni, moja kati ya hizo akiwa na Marte Olsbu Røiseland katika mbio za kupokezana za mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Røiseland aliongeza mbili za peke yake, na jumla yake ikawa medali tano. Therese Johaug alishinda dhahabu tatu za mbio za nyika. Johannes Høsflot Klæbo alishinda mbili, ya mbio fupi na ya mbio fupi za watu wawili akiwa na Erik Valnes. Jørgen Graabak alikuwemo katika zote mbili za mchanganyiko wa Nordiki. Watu watano, dhahabu 13 kati ya 16.

Hesabu hiyo inapaswa kumtuliza yeyote anayedhani Norway imegundua mashine ya kutoa mabingwa. Katika mbio za nyika za wanawake hali ilikuwa mbaya kuliko jedwali linavyoonyesha. Medali zote walizopata wanawake wa Norway katika mchezo huo zilikuwa za Johaug. Katika mbio za kupokezana, ambazo ndizo hupima unene wa kikosi, walimaliza nafasi ya tano. Heidi Weng alikuwa ameikosa safari kwa kuugua korona, na hakukuwa na wa kuliziba pengo. Johaug alipotangaza kustaafu mwezi uliofuata, Norway ilibaki na swali ambalo dhahabu tatu zilikuwa zimelifunika.

Kwa wanaume wa mchanganyiko wa Nordiki ilikuwa kinyume kabisa. Jarl Magnus Riiber, aliyekuwa akitawala mchezo huo duniani, aliwasili Beijing akapimwa na kukutwa na virusi, akawekwa karantini. Aliachiwa kwa wakati wa shindano la mnara mkubwa, akaruka vizuri kuliko wote, akaanza mbio akiwa mbele. Mwishoni mwa mzunguko wa kwanza akakosea njia. Uongozi ukayeyuka, akamaliza wa nane. Taifa lolote lingekuwa limeumia hapo. Graabak, aliyeanza mbio akiwa nyuma sana, alishinda, na Jens Lurås Oftebro, Mnorway mwingine, akawa wa pili. Siku mbili baadaye timu ikashinda bila Riiber. Unene wa aina hii hauletwi na nyota mmoja wala na kipaji cha kuzaliwa. Unatoka katika klabu nyingi za vijiji na miji midogo, na katika makocha wanaoendelea kumfundisha kijana ambaye bado hajashinda chochote.

Turudi Calgary, 1988. Fedha tatu, shaba mbili, dhahabu sifuri. Miezi saba baadaye, mjini Seoul, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa Lillehammer michezo ya mwaka 1994. Norway ikajikuta itaukaribisha ulimwengu nyumbani kwake ikiwa haina bingwa wa kuwaonyesha wageni. Hofu ya aibu hiyo ilisukuma mambo. Katika miaka hiyo ndipo Olympiatoppen ilipojengwa, taasisi ya michezo ya kiwango cha juu yenye makao yake Sognsvann, pembezoni mwa Oslo. Mwaka 1992 dhahabu zikawa 9. Lillehammer zikawa 10, medali 26.

Vituo vya taifa vya michezo vipo kila mahali, na vingi ni majengo tu. Olympiatoppen iliwaweka pamoja makocha wa michezo mbalimbali, madaktari, wataalamu wa lishe na wa mwili, na ikawapa haki ya kuulizana. Kocha wa kupiga makasia anakaa na kocha wa skii wakalinganisha namna wanavyopima uchovu. Shirikisho moja likigundua kitu kuhusu mazoezi ya nyanda za juu, jingine linakipata. Jambo hili linasikika dogo, lakini ni nadra. Katika nchi nyingi, zetu zikiwemo, shirikisho la michezo hulinda siri zake na fedha zake dhidi ya shirikisho jirani kuliko linavyojilinda dhidi ya wapinzani wa nje.

Moja ya mawazo waliyoyaendeleza Wanorway ni la mazoezi mengi yenye kasi iliyodhibitiwa, huku damu ikipimwa mara kwa mara kuona kiwango cha laktati ili mwanamichezo asivuke mpaka na kujichosha bure. Wanaskii walilitumia. Upande wa riadha alilishughulikia sana Marius Bakken, mkimbiaji wa mita 5,000 aliyekuwa daktari, ambaye alifanya mazoezi Kenya na kuwatazama kwa makini wakimbiaji wa huko. Mwaka 2021 mjini Tokyo, Jakob Ingebrigtsen, aliyekulia katika mazoezi ya mkondo huo, alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 28.32. Wa pili alikuwa Timothy Cheruiyot wa Kenya, aliyekuwa amezoea kumshinda. Sehemu ya maarifa yaliyomshinda Mkenya ilikuwa imevunwa katika Bonde la Ufa. Hilo halinipi uchungu kwa kuwa tumeibiwa. Linanipa uchungu kwa kuwa sisi wenyewe hatukuyaandika, hatukuyapima, wala hatukuyapeleka kutoka kambi moja hadi nyingine.

Fedha nazo zina hadithi yake. Norsk Tipping, kampuni ya serikali ya michezo ya kubahatisha, hugawa faida yake kwa shughuli za jamii, na tangu 2015 asilimia 64 ya faida hiyo huenda kwenye michezo. Sehemu kubwa huishia kwenye viwanja, njia za skii zenye taa za usiku, kumbi za mazoezi, vitu ambavyo mtu wa kawaida hutumia. Anayeshinda dhahabu hapewi na serikali donge la fedha. Ni nchi tajiri, ina mafuta, na utajiri huo hauwezi kutolewa kwenye hesabu. Ila nchi tajiri zipo nyingi, na nyingi kati yake huweka fedha juu kabisa, kwa wale watakaopigwa picha, badala ya njia ya skii inayopita nyuma ya shule.

Kwangu mimi, nguzo iliyo nzito kuliko zote ni kanuni za michezo ya watoto, zilizopitishwa mwaka 1987 na kuimarishwa mwaka 2007. Mtoto hapangwi kwa nafasi kabla ya mwaka anaotimiza umri wa 11: hakuna orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna jedwali la ligi. Mashindano ya ubingwa wa taifa ni marufuku kabla ya miaka 13. Mtoto ana haki ya kuchagua michezo mingi anayotaka, na zawadi zikitolewa hupewa wote. Klabu inayokiuka inaweza kuadhibiwa. Klæbo, aliyefundishwa na babu yake, alikuwa kijana mdogo wa umbo ambaye kwa miaka kadhaa wenzake wa rika walimwacha nyuma. Katika mfumo unaochuja watoto wakiwa na miaka kumi, huenda angekuwa anafanya kazi nyingine leo.

Tuitazame kanuni hiyo kutoka huku kwetu. Tanzania ina UMITASHUMTA, mashindano ya taifa ya shule za msingi, ambamo watoto huchujwa kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa. Wengi wao wana umri ambao Norway isingewaruhusu kushindania ubingwa wa nchi. Sisemi yafutwe. Kwa mtoto wa kijiji ambaye hana klabu, mashindano hayo mara nyingi ndiyo nafasi pekee ya kuvaa jezi, kusafiri na kuonekana, na kuyaondoa bila kumpa kitu kingine kungekuwa ukatili. Lakini yule aliyetolewa ngazi ya wilaya anakwenda wapi wiki inayofuata? Norway imelijibu swali hilo kwa klabu ya mtaani inayoendeshwa na wazazi wanaojitolea, wanaouza vitafunio na kuchonga njia za skii kwa zamu. Sisi hatujalijibu. Katika masomo tulianza kuona tatizo la kuwapanga watoto: mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora katika matokeo ya kidato cha nne. Mjadala ule ulikuwa mkali, na ulistahili kuvuka uzio wa darasa hadi uwanjani.

Hata hivyo, kanuni za watoto zisigeuzwe kuwa hirizi. Ingebrigtsen mwenyewe alifanyishwa mazoezi makali na baba yake tangu akiwa mdogo, kinyume na roho ya kanuni hizo, na akawa bingwa. Bingwa anaweza kupatikana kwa njia zote mbili. Tofauti ni wale wasiokuwa mabingwa: katika njia ya kanuni wanabaki wakiwa wanachama, makocha, waamuzi na wazazi wa klabu, katika ile ya mazoezi makali wengi huondoka wakiwa wamechoka na mchezo.

Na matokeo yenyewe hayakupanda kwa mstari ulionyooka. Salt Lake City 2002 dhahabu zilikuwa 13. Turin 2006 zikashuka hadi 2. Katika michezo hiyo ya Turin, mkimbiaji wa Kanada, Sara Renner, alivunjikiwa fimbo katikati ya mbio fupi za timu, na kocha wa Norway, Bjørnar Håkensmoen, aliyekuwa kando ya njia, akampa nyingine. Kanada ikapata fedha. Norway ikawa ya nne. Nalitaja tukio hilo kwa heshima, kwa sababu lilitokea katika mwaka ambao Norway ilihitaji kila medali.

Sochi 2014 dhahabu zilikuwa 11, lakini mbio za nyika za kupokezana zilikuwa msiba: wanaume wa nne, wanawake wa tano. Lawama ziliangukia nta. Chini ya skii hupakwa nta kulingana na joto, unyevu na umri wa theluji, na wapaka nta hujaribu jozi nyingi tangu alfajiri. Wakikosea, bingwa wa dunia huonekana kama anavuta gogo. Norway ilirudi ikachambua makosa yale, na PyeongChang 2018 ikachukua medali 39, saba kati ya dhahabu zake 14 zikitoka mbio za nyika. Huu ndio ustadi wao ninaoustahi zaidi: kushindwa kwao huandikwa, hujadiliwa na kurekebishwa kabla hakijapita kizazi.

Katika Olimpiki ya majira ya joto, ambako theluji haina msaada, Norway ilipata dhahabu 4 Tokyo na 4 Paris. Kenya ilipata 4 Tokyo na 4 Paris. Medali zote za Kenya, katika michezo hiyo miwili, zilitoka kwenye riadha. Norway ilizipata dhahabu zake za Tokyo katika riadha, triathloni na voliboli ya ufukweni, na za Paris katika riadha, kunyanyua uzito na mpira wa mikono wa wanawake. Mtu anaweza kusema Kenya imefanya kazi kubwa zaidi kwa rasilimali ndogo, na atakuwa sahihi. Lakini Kenya ina watu zaidi ya milioni 50, ina maziwa na bahari, na hakuna sababu ya kimaumbile inayoufunga mlango wa makasia, ngumi au kunyanyua uzito. Mlango umefungwa na namna tunavyoyaacha maarifa ya riadha yakae ndani ya riadha, tena ndani ya kambi chache za Iten na Kaptagat.

Kuna upande wa pili wa Norway ambao sitauruka. Mwaka 2016 Martin Johnsrud Sundby alifungiwa miezi miwili kwa dawa ya pumu iliyozidi kiwango, akapoteza taji la Kombe la Dunia la msimu wa 2014–15. Johaug aliikosa PyeongChang kwa adhabu ya miezi 18, baada ya kutumia krimu ya midomo yenye kemikali iliyopigwa marufuku. Daktari wa timu alikubali kwamba yeye ndiye aliyempa. Kesi ya Sundby ilifanya wapinzani waulize kwa nini wanariadha wengi wazima wa afya wanatumia dawa za pumu, na lilikuwa swali la haki.

Kubwa zaidi lilikuja Machi 2025, katika mashindano ya dunia ya skii mjini Trondheim, nyumbani kwao. Video iliyorekodiwa kwa siri ilionyesha suti za wanarukaji wa Norway zikishonwa upya baada ya kukaguliwa. Uzi mgumu uliingizwa ndani ili suti ishike hewa zaidi na kumbeba mrukaji mbali. Kocha mkuu, Magnus Brevig, alikiri. Marius Lindvik, yule aliyeshinda dhahabu ya mnara mkubwa Beijing, alinyang'anywa nafasi ya pili aliyokuwa ameishika siku hiyo, na Johann André Forfang akafutwa pamoja naye. Wote wawili walisema hawakujua.

Siamini kwamba tukio la Trondheim linaifuta Beijing. Dhahabu ya kuruka ilikuwa moja tu kati ya 16. Lakini linagusa kiini cha yale niliyoyasifu. Norway inashinda kwa sababu kocha, fundi, daktari na mshonaji wanakaa chumba kimoja na kuaminiana. Trondheim, mafundi na kocha walikaa chumba kimoja, wakaaminiana, na hakuna aliyesimama kusema hapana. Olympiatoppen ina vipimo vya damu, vya mapafu na vya theluji. Kwa miaka hiyo yote haikuwa imemweka katika chumba kile mtu ambaye kazi yake ni kukataa, na mashirikisho ya Norway sasa yanalazimika kumtafuta.